Kila Ijumaa Baba Anasema Siyo Kama ya Mama

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia wakati wa mapumziko ya mchana, nimejificha nyuma ya rafu za mafaili, nimechoka mwili na akili, na ninaomba unijibu kabla baba yangu hajadhurika zaidi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu kila Ijumaa namtengenezea kinywaji na sasa nimegundua kwamba kinywaji hicho ndicho kinachomuumiza.

Mimi ni karani wa masjala, kijana, sijaoa, na kazi yangu ni kupokea mafaili, kuyapa namba na kuhakikisha kila kitu kinarudi mahali pake, na wanaonijua wanasema ni mwangalifu mpaka nawachosha. Ni mtoto wa pekee. Nilisoma shule za bweni, nikaenda chuo, nikapanga chumba karibu na kazini, kwa hiyo mama alipofariki mwaka jana na mimi nikarudi kuishi na baba, nilijikuta mgeni katika nyumba ya wazazi wangu, sijui vitambaa vya meza vinakaa kabati gani wala ufunguo upi unafungua nini.

Baba ni mstaafu. Alikuwa mwonjaji wa chai kiwandani, ile kazi ya kupita mbele ya vikombe vilivyopangwa meza nzima, unavuta kijiko kwa sauti, unazungusha mdomoni, unatema kwenye ndoo, unasema hii daraja la kwanza, hii irudi. Mpaka leo anavuta kila kitu kwa sauti, hata supu, hata dawa ya kikohozi, na wauza chai wote wa mtaani kwetu wanamwogopa kwa kuwa akiletewa kikombe anasema mbele ya watu, "Hii mmeichemsha mpaka imekufa." Si mlevi, naomba uniamini. Anasa yake ni moja tu, glasi ya wiski ya limau jioni ya Ijumaa, aliyoizoea zamani kwa wanunuzi wa chai waliokuwa wakija kiwandani, na mama ndiye aliyekuwa akimtengenezea.

Mama alikuwa hata hajamaliza miezi miwili kaburini, siku ya Ijumaa, nikarudi kutoka kazini nikamkuta baba amekaa kwenye kiti chake, amenyoosha miguu, anatazama mlango wa jikoni. Akaniambia, "Bwana Karani, unaweza kunitengenezea ile ya mama yako?"

Mshauri, ningemkatalia vipi? Mimi sinywi pombe, sijawahi hata kuionja, lakini nilisoma maelekezo kwenye simu kama ninavyosoma waraka wa ofisini: wiski vipimo viwili, maji ya limau kipimo kimoja, sukari iliyoyeyushwa kwa maji ya moto pungufu kidogo ya kipimo, ute wa yai kwa ajili ya povu, unatia vyote kwenye chupa yenye kifuniko, unatikisa mpaka bega liume, unaongeza barafu, unatikisa tena, unachuja. Chupa ya wiski niliikuta kabatini imejaa mpaka mabegani na ina vumbi shingoni, wala sikujiuliza kwa nini. Pembeni yake kulikuwa na kichujio cha chai kilichogeuka rangi kikawa cha kahawia, nacho nikakitumia.

Baba akavuta kwa sauti. Akazungusha mdomoni. Akafumba macho, akafumbua.

"Siyo."

"Imekosa nini, baba?"

"Siyo kama ya mama yako. Lakini lete, nitakunywa. Umehangaika."

Tangu siku hiyo Ijumaa zangu ni mtihani. Niliacha malimau nikajaribu ndimu, akasema siyo. Nikapunguza sukari, siyo. Ute wa yai akasema unanuka banda la kuku. Siku moja akaniambia, "Wewe una haraka za ofisini, mama yako alikuwa akianza alasiri," basi nikawa nakamua malimau asubuhi kabla ya kwenda kazini nayaacha yalale kwenye friji mpaka jioni, na bado siyo. Siku nyingine akasema, "Ina moto, haina mwili," na mimi, kwa kuwa sikujua mwili wa kinywaji ni kitu gani, nikadhani ndiyo wiski yenyewe, nikaongeza. Akisema siyo, naongeza. Yeye anakunja uso, anakunywa, anamaliza, ananirudishia glasi na kusema "Asante, mwanangu," na mimi naiosha huku nikifikiria Ijumaa nyingine.

Kazini wameanza kunitazama. Muuza duka wa pale kona ananiita mteja wake wa Ijumaa, mimi nisiyekunywa hata bia, na juzi tarishi wetu alininusa mkono wa shati akasema mbele ya watu wote, "Bwana mdogo, leo shati lako limelewa kuliko wewe." Walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda msalani nikakaa huko nimeinamisha kichwa.

Lakini hilo si kitu. Miguu ya baba imeanza kuvimba. Viatu havimwingii, anatembea na kandambili, na Ijumaa iliyopita alipoinuka kwenda kulala alishika ukuta na kusimama hapo muda mrefu, nikamshika mkono, akasema ni uzee. Jumapili akaja mama mdogo, mdogo wake mama, kutuletea mboga. Akafungua kabati, akaona chupa mbili tupu na moja iliyofika nusu.

"Hizi za nani?"

"Za baba. Ya Ijumaa."

"Chupa hizi zote? Wewe unamtilia nini humo?"

"Wiski, mama mdogo. Na limau."

Akakaa kwenye kiti cha jikoni kama mtu aliyepigwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa baba alikuwa sebuleni, kwamba miaka mingi iliyopita daktari alimwambia baba aache pombe kabisa kwa sababu ya ini, baba akajibu kwamba ataacha zote isipokuwa ya Ijumaa na hilo halina mjadala, na mama hakujadili. Alichofanya ni kupika chai ya rangi iliyokolea, akaipoza, akatia limau na sukari na barafu, akatikisa, kisha akamwagia juu kifuniko kimoja cha wiski ili inuke. Ijumaa baada ya Ijumaa, miaka yote hiyo. Ile chupa niliyoikuta ilikuwa ya siku nyingi. "Dada yangu alimlinda miaka yote hiyo," mama mdogo akasema, "halafu wewe msomi umekuja na vipimo vyako."

Mshauri, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nikimwambia baba ukweli, atajua kwamba mke wake alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote, na yeye hayupo kujitetea, na baba hana kitu kingine alichobaki nacho ila kumkumbuka. Nikimtilia chai kimyakimya, nitakuwa mwongo wa pili katika nyumba moja, na kwa ulimi ule wa kuonja atanikamata papo hapo. Nikisema sitengenezi tena, nitakuwa nimemnyang'anya Ijumaa. Nikitema nakosa, nikimeza nakosa. Na nisipofanya lolote nitamzika, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempimia. Ijumaa inakuja. Niambie nifanye nini, nami nitafanya hivyohivyo ulivyoandika.

Ni mimi,
Karani Niliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu karani, pole. Pole kwa mama, na pole kwa bega. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa natafuta nukta.

Nianze na lisilongoja. Usingoje Ijumaa, kwa sasa isahau. Kesho asubuhi omba ruhusa kazini, mafaili yatakusubiri, hayajawahi kumkimbia mtu. Mpeleke baba yako kwa daktari na ile miguu yake, na ukifika huko usipunguze hata kifuniko: sema amekunywa nini, kiasi gani, tangu lini. Daktari hatakupiga. Wewe ni mtu wa kumbukumbu, basi leo kumbukumbu zako zifae kitu. Na ugomvi wangu na wewe ni huu: uliona mtu hawezi kuvaa viatu, ukakaa kutafuta kasoro kwenye limau. Uangalifu wako wote uliuweka ndani ya glasi, nje ya glasi hukutazama.

Sasa nikuulize, wewe uliyesoma. Baba yako alifanya kazi gani?

Umeniandikia mwenyewe. Kwamba anavuta hata dawa ya kikohozi. Kwamba anajua chai iliyochemka kupita kiasi kabla ya kuimeza. Halafu unataka niamini kwamba mtu huyo alikunywa chai kila Ijumaa miaka yote asijue kwamba ni chai? Mwanangu! Huyo alijua tangu siku ya kwanza. Nadhani alijua hata majani yalitoka daraja gani.

Mama yako hakumdanganya, na yeye hakudanganyika. Mke alitaka mume aishi bila kuaibishwa, mume alitaka kukubali bila kushindwa. Hilo walikubaliana kwa glasi, bila kusema neno. Watu wa ndoa ndefu wana mikataba mingi ya namna hiyo, usiipeleke masjala.

Na wewe amekuwa akikuambia. Alisema mama alianza alasiri. Katika limau, sukari na barafu, kitu gani kinahitaji kuanza alasiri? Chai, ili ipoe. Alisema ina moto, haina mwili. Huo ni msemo wa mwonjaji wa chai, mwili ni ule uzito wa chai mdomoni, na moto anaoulalamikia ni wiski yako. Kila Ijumaa mzee anaomba chai, na wewe unamwongezea pombe.

Utaniuliza, kwa nini basi anakunywa? Mimi simjui baba yako, naweza kukosea. Lakini nakuona wewe, umesimama pale na glasi, bega linauma, macho ya mtoto anayesubiri matokeo. Yeye anaimeza ili usivunjike moyo. Wewe unaitengeneza ili asivunjike moyo. Wanaume wawili ndani ya nyumba moja wanaogopana kwa huruma, na mmoja kati yenu ana ini bovu. Basi, imetosha.

Chupa ile mpe mama mdogo wako aitoe nyumbani leo hii, na umwombe radhi kwa kumshtua. Yai liache, mgonjwa halishwi yai bichi. Hata kile kifuniko cha harufu usikitie mpaka daktari akubali, na asipokubali, limau linatosha kunuka.

Ukitoka kwa daktari, usimkalishe baba yako chini kumfichulia siri, kwa sababu siri haipo. Kuhusu ugonjwa zungumza naye waziwazi kama mtu mzima. Kuhusu mama, nyamaza. Na Ijumaa omba kutoka mapema, mweleze mkuu wako kwamba una mgonjwa, itakuwa kweli. Pika chai alasiri, iache ipoe yenyewe, usiiharakishe kwa friji. Malimau, siyo ndimu. Tikisa, chuja kwa kichujio kilekile cha mama yako, usikisugue kiwe cheupe. Tengeneza glasi mbili. Hii unaweza kuinywa hata wewe, na hapo ndipo utakapojua mwili ni nini.

Mpelekee, halafu usisimame mlangoni. Kaa. Atavuta kwa sauti, atazungusha, atafumba macho. Usimharakishe, hatakuwa na wewe peke yako mezani, mama yako naye atakuwepo. Na akikuambia majani umeyachemsha mpaka yamekufa, usiombe msamaha na usibadilishe limau. Muulize yeye yachemshwe kiasi gani. Amekuwa akisubiri umuulize.