Kwa Bi Itaendelea, Aliyewalilia Watu wa Kwenye Televisheni

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu alasiri ile uliyotutoka, kipindi chako kikiwa hakijafika hata tangazo la kwanza. Nyumba bado ipo. Meza yako ya kupigia pasi ipo, na lile blanketi lake la kijivu. Kiti chako tu ndicho hakuna anayekikalia. Mjukuu wako wa kike alikikalia siku moja kwa kusahau, akainuka upesi kama aliyeketi juu ya mtu.

Ulikuwa mpiga pasi. Miaka ishirini na sita ulikunja mashuka ya wagonjwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na ulipostaafu ukaihamishia kazi sebuleni kwako. Suti za maharusi, sare za shule, mapazia ya watu. Ulisema ile hospitali ilikuwa na kasoro moja tu: chumba cha pasi hakikuwa na televisheni. Nyumbani uliweza kunyoosha marinda ya sketi bila kuitazama sketi yenyewe. Macho yalikuwa kule kwenye tamthilia, kwa mama mkwe mwenye hereni za lulu, mkono ukijua njia yake. Shati uliloliunguza maishani mwako ni moja, siku hereni moja ilipookotwa kando ya kaburi la mumewe. Mwenye shati alikuja juu. Ukamweleza ilivyokuwa, akavuta kigoda, mkatazama wote mpaka mwisho, akaenda zake amesahau kugomba.

Ulianza ukiwa msichana, umesimama nje ya dirisha la watu, mguu mmoja juu ya tofali na mwingine hewani. Televisheni yenyewe haikuwa na rangi, na tamthilia ilisemwa kwa lugha usiyoijua hata neno moja. Lakini ulisema uso hauhitaji mkalimani. "Mtu akidanganya shingo inakakamaa. Mtazameni shingo." Ndiyo maana sisi watoto wako watatu tulishindwa kukudanganya. Kaka mkubwa, na ndevu zake zote na mageti yote anayochomelea, akitaka kukuficha jambo alikuwa anakupa kisogo. Nawe unamwambia, "Kwani shingo ya nyuma si shingo, baba?"

Mtaa mzima ulikuita Bi Itaendelea. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, majirani walikuja kukuuliza ilimalizikaje, ingawa wewe nawe, kama wao, hukuwa umeuona mwisho. Uliwasimulia hivyo hivyo bila aibu. Kesho yake ikitokea tofauti, ulisema waliotengeneza ndio waliokosea.

Huruma yako haikuchagua. Yule mwanamke aliyekuja kuchukua nguo zake uso umevimba, ulimkalisha ukampa chai, hukumuuliza kitu. Ulimwambia tu, "Mwanangu, mtu mbaya haanguki sehemu ya kwanza. Na wewe leo ndiyo kwanza uko sehemu ya kwanza." Alikaa kwako siku tatu. Alipoondoka hakurudi kule alikotoka, na siku tulipokuzika alikuja amevaa gauni lililonyooshwa vizuri kuliko la yeyote kati yetu.

Na ulilia, Mama. Jamani, ulilia! Ulimlilia kila aliyeonewa kwenye kioo kile kana kwamba mlinyonya ziwa moja. Siku alipokufa yule binti wa jikoni aliyenyang'anywa mtoto wake, ulipiga yowe lililovuka ukuta. Mama Pacha, jirani yetu tunayegawana naye ukuta huo, akaingia mbio na chupa ya chai mkononi, kiatu mguu mmoja.

"Nani? Nani ametutoka?"

"Binti wa jikoni!" ukamjibu, machozi yanakutiririka.

"Maskini! Na mtoto wake je?"

"Hakuwahi hata kumshika!"

Mama Pacha akaketi, akalia nawe kwikwi. Ilipita kama robo saa ndipo akajipangusa na kuuliza mazishi ni wapi. Ulipomwonyesha televisheni kwa kidole, alikuangalia, akaiangalia, kisha mkacheka nyinyi wawili mpaka mkashikana mbavu. Tangu hapo ikawa mchezo wenu. Yowe likipita ukutani, yeye anaita kutoka kwake, "Leo kafa nani?" Nawe unamjibu, "Tajiri!" au "Hajafa bado, ila hatoki!" Miaka kumi na nne mliishi hivyo.

Sasa tuiseme siku yenyewe, kwa maana mwaka mzima tumeisema nusu.

Ilikuwa saa ya marudio ya tamthilia. Kitinda mimba wako, binti yule aliyeishia shule ya msingi akabaki nawe kwenye pasi, alikuwa uani anasugua kola za mashati. Wewe ulikuwa ndani unanyoosha na kutazama. Akasikia unaita, "Jamani! Jamani nisaidieni!" Hakuinua kichwa. Alicheka, akakujibu kutoka uani, "Mama, muache huyo avune alichopanda!" Upande wa pili wa ukuta Mama Pacha naye akaita, "Leo kafa nani?" Hukumjibu. Kukawa kimya, televisheni peke yake ndiyo inaongea, na kitinda mimba wako akachukua shati jingine.

Kilichomwingiza ndani ni harufu ya kitambaa kinachoungua. Ulikuwa sakafuni kati ya kiti na meza, mkono umeunyoosha kuelekea mlango wa uani. Ndipo alipopiga yowe yeye. Na Mama Pacha, masikini wa Mungu, akacheka kule kwake, akasema kwa sauti, "Hee! Leo mmekuwa wawili!"

Kitinda mimba wako alikimbia mwenyewe barabarani kusimamisha gari. Kwenye kituo cha afya daktari alisema ni moyo, akasema, "Mngemuwahisha kidogo tu…"

Kaka mkubwa alipofika, mikono bado ina masizi ya kazi, aliuliza jambo moja. "Hakuna aliyesikia?"

Kitinda mimba wako akasema, "Mama Pacha alisikia. Akacheka."

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Lakini ungekuwapo, Mama, ungemtazama shingo.

Basi siku ya mazishi kaka akamsogelea Mama Pacha mbele ya watu akamwambia, "Mama yetu anakata roho, wewe unacheka ukutani." Yule mama aliweka chini kikapu alichokuja nacho, akageuka, akaondoka. Kuanzia siku hiyo akawa anazunguka kwa nyuma ili asipite mlangoni kwetu. Televisheni yake hatukuisikia tena. Ukuta wote ukawa jiwe.

Na binti yako huyo wa mwisho aliendelea kupiga pasi. Mchana anachekea wateja, jioni anahesabu moyoni ni hatua ngapi kutoka kwenye beseni la uani mpaka kwenye kiti chako. Ni hatua tisa. Alizipima tena na tena, anatembea, anasimama, anarudi. Mara nyingi alimwona Mama Pacha kwa mbali akipita ile njia ndefu na mzigo wake kichwani, akafungua mdomo kumwita, kisha akaufunga. Alijua kaka atamtazama vipi akijua. Alijua pia kwamba kila siku anayonyamaza, mtu mwingine anaubeba mzigo usio wake.

Wiki mbili zilizopita tulikaa mezani watatu kupanga tangazo hili la kumbukumbu. Dada wa kati, karani, alikuwa na karatasi. Kaka akasema, "Tuwashukuru majirani wote. Yule mmoja hapana."

Kitinda mimba wako akasema, "Hata mimi nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Mama akiita. Kabla ya Mama Pacha. Alisema nisaidieni. Nikadhani ni tamthilia."

Dada aliweka kalamu chini. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Kola. Zilikuwa zimebaki za mashati matano."

"Ukazimaliza?"

"Nikazimaliza."

"Mashati matano," dada akarudia, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Kaka aliinuka akatoka nje. Alisimama getini muda mrefu, geti alilokuchomelea mwenyewe, ameshika nondo kwa mikono miwili. Tulidhani anaondoka. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Hakumgombeza mdogo wake, wala hakumwambia si kitu. Alisema, "Na mimi nilimwambia yule mama maneno yale mbele ya watu." Halafu akasema, "Vaeni viatu. Twende."

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mama Pacha alitufungulia akiwa amepungua nusu. Televisheni yake ilikuwa imefunikwa kitambaa, juu yake pameanikwa soksi. Kaka alianza kuomba radhi, yakamshinda. Kitinda mimba wako akasema yote pale pale kizingitini, hajaambiwa hata karibu: beseni, kola, jinsi alivyokujibu, na alivyomjibu kaka.

Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho. "Kaa kwanza, mwanangu," akasema.

Akakaa.

"Miaka kumi na nne nimeuliza ukutani leo kafa nani, na miaka kumi na nne mama yako amenijibu. Hata akiwa na homa alinijibu. Siku ile hakunijibu. Mimi sikuzoea hivyo. Nilisimama na kisu mkononi, nikasikiliza. Nikasema, mwache, labda leo imemwingia sana. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kaka yako hakunionea. Mimi nilijua kuna kitu, nikakipuuza."

"Mimi ndiye niliyeitwa," binti yako akasema. "Ni mimi Mama aliyekuwa ananiita."

"Tuliitwa wote."

Wakashikana pale, mama na binti, wakalia. Haikuwa kulia kwa kupimiana kama siku za msiba, watu wakitazama. Walilia kwa sauti yako wewe, ile ya kuvuka kuta, na sisi wengine tukawafuata. Hatukujua kama tulikuwa nayo yote hiyo mwilini. Fundi viatu wa pale kwenye kona akaja mbio, kiatu cha mtu kiko mkononi na sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Kuna nini humu?"

"Tumefiwa," akasema Mama Pacha.

"Poleni jamani! Lini?"

"Mwaka jana."

Fundi alitutazama mmoja mmoja. Hakucheka. Akavuta kigoda, akakaa nasi.

Hatujui kama unatusamehe, Mama, na hatutakusemea. Tunajua ulikuwa mwepesi wa kuwasamehe watu wa kwenye kioo, hata waliotia sumu, mradi waseme kweli kabla ya mwisho. Sisi tumechelewa. Kweli tumeisema wewe hupo kuisikia, na hilo halirekebishiki. Binti yako bado anazitembea zile hatua tisa kila jioni. Siku hizi Mama Pacha huja akasimama mlangoni, anamngoja amalize.

Wanaokukumbuka ni mwanao mkubwa, mchomeleaji. Binti yako wa kati, karani. Kitinda mimba wako, mpiga pasi. Wajukuu wako wanne. Wenzako wa chumba cha kufulia. Na Mama Pacha, jirani yako wa ukuta mmoja, ambaye jina lake hapa limewekwa na kaka kwa mkono wake mwenyewe.

Pumzika, Mama. Kukukumbuka tutakukumbuka siku zote, na mtu akilia karibu nasi, tutaacha tunachofanya twende kumtazama.