Amplifaya ya chini ya kiti, na upande wa kushoto uliolala

Jumanne, 14 Oktoba. Gitega. Mvua imenyesha tangu alasiri, na kichwa changu kina matope kuliko barabara.

Nilidhani leo ningeandika hapa amplifaya niliyoichagua ya kukuza sauti ya redio ya gari langu. Wiki tatu nimezichunguza kama mtu anayechunguza ukoo wa mchumba. Badala yake naandika nisichokielewa vizuri.

Sababu ya kuitaka naijua. Mimi ni dereva, na abiria wa Gitega na Muyinga huchagua gari kwa masikio. Vijana hulipita langu wakaingia la jirani, ambalo milango yake inatetemeka kwa muziki. Mmoja aliniambia redio yangu inaimba kama nyuki ndani ya chupa. Wenzake wakacheka, nami siku hiyo nikaondoka na viti viwili vitupu.

Buti siwezi kuigusa, ni ya magunia ya maharage. Kwa hiyo nahitaji amplifaya ndogo, ya kukaa chini ya kiti. Nimepima nafasi kwa rula mara mbili. Zilibaki mbili zinazoenea. Moja ni ya chaneli nne, inalisha spika zote za milangoni. Nyingine ni ya chaneli moja, kazi yake besi tu, ile midundo mizito. Fundi wa hapa Gitega anaapa kwa besi. Fundi wa Muyinga, Mkongomani wa Kivu Kusini tunayemwita Papa Jo, anasema besi peke yake ni ngoma bila mwimbaji.

Boksi la ile ya besi limeandikwa wati elfu moja, lakini fyuzi yake ni ya ampea kumi na tano. Fizikia ya sekondari sijaisahau: volti kumi na mbili mara kumi na tano hazifiki hata wati mia mbili. Boksi linadanganya. Nikaegemea ile ya chaneli nne.

Leo asubuhi, nikiwa Muyinga nasubiri abiria wa kurudi, nilimpa Papa Jo gari aifunge ile ya chaneli nne kwa majaribio. Akawasha. Upande wa kulia ulikuwa safi, kila gitaa mahali pake. Upande wa kushoto ulikuwa umelala.

Nikamwambia abadilishe waya, wa kulia uende kushoto. Kushoto kukabaki kumelala. Akabadilisha spika. Vilevile.

"Vieux," akasema, yaani mzee, "hii spika iko inaimba mpaka mbuzi ya jirani inacheza. Weye unatafuta nini?"

Nilitaka kuwa na hakika. Nikapiga magoti kwenye kiti, uso nyuma, mgongo kwenye kioo cha mbele.

"Sasa unaomba Mungu ama unasikiliza redio?"

Upande uliolala ulikuwa umegeuka pamoja nami. Spika ya kulia, iliyokuwa safi dakika moja kabla, sasa ndiyo ilisikika kwa mbali, kama iko nyumba ya pili.

Waya ni mzima. Spika ni nzima. Amplifaya ni nzima.

Ni sikio langu.

Nilishuka nikamwambia afungue kila kitu, nitampa jibu. Akadhani bei imenishinda. Nikamwacha adhani hivyo.

Ningekuwa mwalimu au mshonaji, labda ningecheka. Lakini gari langu, kama mengi ya hapa, limetoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani uko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Nikiwa nyuma ya lori sioni kinachokuja mbele. Anayeona ni abiria aliyekaa kushoto kwangu. Yeye ndiye husema "pita" au "bado". Kila dereva wa usukani wa kulia anaishi kwa mdomo wa mtu wa kushoto.

Kiti hicho mara nyingi ni cha Mama Neema wa Nyamugari, mfanyabiashara wa maharage. Leo pia alirudi nami. Redio niliizima kabisa, nikajidai kichwa kinaniuma. Baada ya Karuzi tukafika nyuma ya lori lililotoka mpakani Kobero, linapanda polepole, baiskeli mbili za ndizi zimeling'ang'ania nyuma. Nikangoja sauti. Sikusikia kitu. Nikadhani kungekuwa na hatari angesema, nikaanza kutoka ili nilipite.

Mama Neema akanishika mkono wa shati akauvuta kwa nguvu zake zote. Nikarudi nyuma ya lori, na basi dogo likapita kwa kasi pale ambapo tungekuwa.

Mama Neema akaniachia shati. Kisha akasema:

"Baba Eliya, nimesema bado mara tatu! Mi sauti yangu ni ya kwaya, si ya kufukuza ng'ombe. Siku hizi unanilipisha nauli na kazi nakufanyia."

Watu wakacheka, cheko la kushukuru Mungu. Nami nikacheka. Nikasema ni mlio wa injini.

Nilimdanganya mtu aliyetuokoa sote.

Sasa nimekaa na daftari langu la vipimo na sijui lilikuwa la nini. Nadhani kwa miezi mingi nimekuwa nikipandisha sauti ya redio ili kushoto kuwe sawa na kulia, na kila nilivyopandisha nilimfunika Mama Neema. Amplifaya yenye nguvu ingemfunika kabisa. Nisipoinunua, vijana wataendelea kupanda gari la jirani. Na hata bila muziki wowote, leo sikumsikia. Kila hesabu ninayoanza inaishia ukutani.

Mke wangu ameniuliza kama nimechagua. Nimesema bado natafakari. Ni kweli, ila si kwa jambo analodhani. Nitamweleza kesho asubuhi kabla ya chai, kwa sababu nikinywa chai kwanza nitapata kisingizio.

Kesho siendi Muyinga. Naenda hospitali kupimwa sikio. Labda ni nta tu, itatolewa kwa maji ya uvuguvugu nami nitajicheka. Labda si nta.

Daktari ataniuliza nafanya kazi gani, na nikisema dereva anaweza kuninyima usukani. Ni swali jepesi kuliko yote, na tangu jioni nalitafutia jibu.