Kujitolea au Kutumwa

Jumapili, Ipagala

Na bado neno la mama linanikera. Juzi nimerudi kutoka India. Kampuni yetu, tangu wageni wainunue, ina mtindo wa kupeleka wafanyakazi wake nje kusaidia watu: mimi ilinipeleka kwa akina mama wafumaji ambao faida ya biashara yao inasomesha yatima. Leo majirani walipouliza nilikwenda kufanya nini, nikajibu kwa kujidai, "Kujitolea."

Mama akaacha kuchambua mlenda. "Na mshahara?"

"Uliendelea kuingia."

"Nani alichagua uende?"

"Bosi."

"Basi mwanangu, hukujitolea. Ulitumwa."

Wakacheka wote. Nikamkumbusha kwamba yeye na wenzake walisomba matofali ya shule kwa amri ya balozi wa nyumba kumi, na asiyekwenda alitozwa faini, lakini mpaka leo wanasema walijitolea.

"Sisi ile shule ni yetu," akasema, akaendelea na mlenda wake.

Siku naondoka India, wale wafumaji walilia, wakanivisha shali waliyoifuma wenyewe. Ninayo hapa mapajani. Sijui ni yangu, au kesho niipeleke ofisini.