Panya Waliokataa Kupauka

Jumatatu, 2 Machi
Bihambwe. Nimelisha panya wa utafiti wangu kabla ya kwenda shambani. Kundi la kwanza: uji wa muhogo na maziwa ya mgando, chakula chenye madini kidogo sana ya chuma. La pili: chakula cha kawaida. La tatu: cha kawaida na vidonge vya chuma vilivyosagwa. Mwishoni nitalinganisha matumbo yao kwa ndani. Mama mkwe amefika kutoka Mpofi, atanipikia uji wa panya. Nafuu kubwa.

Jumapili, 15 Machi
Masikio ya kundi la kwanza bado mekundu. Yalipaswa kupauka kwa kukosa chuma. Nimepima unga upya. Nimewafokea panya. Upuuzi.

Jumamosi, 28 Machi
Nimepasua wawili. Panya wa vidonge: ukuta wa utumbo umevimba, una michubuko. Nilitarajia. Panya wa uji: nilitarajia utumbo uliodhoofu, lakini ni mzima kabisa, kama wa panya wa kawaida. Kazi imeharibika na sijui wapi. Mume wangu alinipa ruhusa ya mwaka huu mmoja tu wa masomo.

Jumatatu, 30 Machi
Mvua. Nimerudi mapema, nikamkuta Mama jikoni. Uji wa panya uko kwenye sufuria yake nzito ya chuma, ile aliyoibeba mgongoni toka kwao. Kwao mama mkwe hupikia nyumba ya mwanawe kwa sufuria yake, kisha humwachia mkamwana. Uji unalala humo, unachacha, unakula chuma cha sufuria.

"Ya kwako iko nyepesi, inaunguza," amesema. "Mu hii uji inaiva muzuri."

Nimejibu: "Aksanti, Mama." Aksanti! Mkwe hafokewi. Nimetoka nje, nimepiga ndoo teke.

Jumatano, 1 Aprili
Nimemweleza mume, amecheka. "Hiyo njo upendo ya Mama." Sitaki hata kumwona. Profesa anayenisimamia amesema kwa simu: rudia yote, mwaka ujao. Mwaka ujao sina.

Jumanne, 7 Aprili
Mama ameondoka. Ameisugua sufuria kwa majivu, ameniachia, amelia kidogo. Hajui kitu. Nimembebea mzigo hadi barabarani.

Jioni nimepika sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria yake. Mume amesifu, ameongeza. Kisha nimebandika ile yangu nyepesi ya alumini, uji wa panya wapya niliowatenga jana. Sijamwomba mtu ruhusa.