Majani Yasiyo na Mizizi

Iguhu, Kakamega

Kwa kaka yangu mpendwa Ignatius,

Salamu nyingi zikufikie huko Lugari. Kazi inaendaje, na kile kifua chako? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini mdomo wake hauna homa. Nakuandikia kwa kuwa simu zangu huzipokei siku hizi.

Samaki wa bwawa letu wanakufa. Asubuhi huelea juu wakitweta, na chini maji yamejaa majani ambayo hatukuyapanda. Mama alimshuku mke wako papo hapo. Alisema Phoebe ametutilia dawa, na ukija arudishwe kwao Butere. Nami, sikufichi, niliamini. Nilimvizia, nikamkuta alfajiri yumo majini hadi kiunoni, ameyakumbatia majani hayo. Alisema anayatoa. Mama akasema ndivyo wachawi wasemavyo wakikamatwa.

Basi nikamwita Cherop, afisa wa uvuvi. Aliyatandaza kwenye beseni la maji, akatuonyesha: kila jani lina panda kama manati, linakwaruza kidole, na shina zima halina mzizi. Alisema si sumu, ni mmea wa kwetu tangu zamani, ila ukisongamana, usiku hula hewa ya samaki. Dawa ni kuupunguza, kama alivyokuwa akifanya Phoebe. Mama akauliza, basi nani ameuleta?

"Hii haimeangi kwa maji ya mbio, mama," Cherop akamjibu. "Iko bwawa ingine huko juu."

Sisi hatukujua bwawa lolote huko. Nikashuku jirani, nikakifuata peke yangu kijito kinacholisha bwawa letu, nikiona vipande vya majani vimenasa kila kona, hadi nyuma ya mikaratusi. Bwawa lipo, jipya, limejaa majani yale yale. Mwanamke aitwaye Pascalia alinipa chai. Alisema alichimbiwa na mumewe, anayefanya kazi Lugari. Lile koti uliloniambia uliibiwa mjini lilikuwa limeanikwa kwenye kamba.

Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Nimekasirika, na nimemwonea Phoebe aibu.

Yeye bado hajui. Kila asubuhi anatoa majani yanayoteremka kutoka kwako. Jana aliniomba twende juu tukaone yanakotoka. Nimemwambia tungoje Jumapili. Uwe umefika umwambie mwenyewe, la sivyo nitamtangulia njiani.

Mama anakusalimu, anaomba dawa ya kikohozi.

Ni mimi dada yako, akupendaye bado,
Musimbi