Neti Zako Juu ya Paa la Mama Atieno

Kondele, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Wakesho,

Ukunjue karatasi hii ukiwa mzima, na kile kifua chako kiwe kimeacha kukoroma kwa ukungu wa Wundanyi. Mama naye je? Goti limekubali kushuka hadi sokoni, au bado anawaagiza watu kama chifu? Mimi mwili mzima. Sina homa, na nakula samaki mpaka napumua samaki. Ila roho haijatulia. Tangu nitoke kanisani sikai kitako: naandika mstari, nasimama, nachungulia dirishani, narudi.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu wewe hukata nikianza kujisifu, na haya siwezi kuyaeleza bila kujisifu kwanza.

Basi. Kazi yangu unaijua. Jengo la Mama Atieno, ghorofa nne, mjini upande wa ziwa. Chini duka lake la vifaa vya ujenzi, juu yake daktari wa meno, halafu ofisi ya bima, juu kabisa chuo cha kompyuta. Baridi yote ya nyumba hiyo inatoka mikononi mwangu. Wa kompyuta wanataka baridi ya Ulaya. Yule mama wa bima anavaa sweta, Kisumu hii dada, sweta! Na asubuhi za mvua ananiomba nigeuze mashine zitoe joto. Wa meno anataka katikati. Mimi ndiye ninayewapatanisha, kwa rimoti. Wananiita Injinia na sijawasahihisha. Niliwaambia nilipoza mnara mzima kule Doha. Wewe peke yako unajua kwamba Doha niliosha vichujio miaka mitatu, na ule mnara niliuona zaidi kwa nje.

Habari ya neti niliitoa huko huko. Mashine za nje, zile zinazokaa juu ya paa na kutupa joto lililotolewa vyumbani, kule tulizivisha neti laini zisile mchanga. Nilipoona vumbi la hapa nikasema hawa watu hawajaona dunia. Ndipo nikakusumbua ukanishonea zile neti sita, pindo maradufu na mkanda wa kukaza. Dada, ziliwakaa zile mashine kama sare ya shule siku ya kwanza. Nikapiga picha, nikakutumia, nawe ukaionyesha soko zima.

Siku ya kuzifunga, mlinzi wetu wa usiku, Mzee Ogola, alipanda kuniangalia kabla hajaenda kwao Kisian. Amelinda hapo miaka tisa. Koti lake la ulinzi lina umri mkubwa kuliko cheti changu.

"Injinia, hii neti ni ya nini?"

"Ya vumbi, mzee."

"Na wadudu wa ziwa wakikuja?"

"Mzee, mimi nimepigana na jangwa. Nitaogopa inzi?"

"Sawa, omera," akasema, yaani rafiki yangu. "Lakini huko jangwani hukuwa na ziwa." Akashuka kutafuta chai.

Nikueleze hao wadudu. Kuna majuma wanainuka majini kama moshi wa tanuri. Ni wadogo kuliko mbu, hawaumi, lakini wanaingia puani, kwenye chai, na kila penye taa wanajaa. Watu wa hapa wakiona lile wingu wanafunga madirisha na kuzima taa za nje bila kuambiwa na mtu. Mimi nilifunga dirisha langu. Paa sikulikumbuka, wala taa yake inayowaka usiku kucha. Wiki tatu nzima sikupanda, maana Injinia hapandi ngazi kila siku.

Vyumba vikaanza kuchemka. Nikashusha namba kwenye rimoti. Vikachemka zaidi, nikashusha tena. Mashine zikanguruma kutwa bila kupumzika. Kisha bili ya stima ikaja, imeruka karibu mara mbili. Mama Atieno ndiye anayelipa stima ya baridi ya jengo zima, na wapangaji walishamwambia akiongeza kodi tu wanahamia Mamboleo. Akatoka dukani na ile karatasi mkononi, akatuita wote pale wanapoegesha magari, asubuhi, wateja wanatazama.

"Injinia, stima yangu inaenda wapi?"

Hapa ndipo dada unapaswa kunishika sikio. Nilisema mashine zangu ziko sawa kabisa, labda kuna mtu anavuta stima usiku. Nilisema tu ili macho ya watu yaniondokee. Sikumtaja mtu. Lakini usiku pale yuko nani? Na mpwa wake Ogola ana bodaboda ya betri, humletea mzee chakula kila jioni.

"Ogola! Miaka tisa unalinda mlango yangu, leo unanichajia bodaboda?"

"Mama, mimi hata simu yangu nachaji Kisian."

"Ijumaa unaacha koti kwa duka."

Mzee aliniangalia mara moja, kisha akatazama viatu vyake.

Alhamisi daktari wa meno akanipigia, mgonjwa wake anatiririka jasho mdomo wazi. Nikapanda. Dada yangu, neti zako sikuzijua. Wale wadudu walikuwa wamejibandika tabaka juu ya tabaka, unene wa chapati, wamekaukia humo. Harufu kama gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Hakuna hewa iliyopita. Nilivua neti moja, ile mashine ikashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na haukupita muda chini wakaanza kushangilia. Zilikuwa zikila stima kwa sababu mimi nimezikaba koo.

Nikakaa chini pale juu ya bati linalowaka. Maana niliona jambo moja wazi kabisa. Nikizivua zote kimya kimya, bili itashuka, na Ogola atakuwa ameshaondoka. Watu watasema nini? Si mnaona, mwizi amekwenda. Nitabaki Injinia. Sitalazimika hata kusema uongo wa pili, ule wa kwanza ungetosha.

Na kana kwamba shetani alikuwa na namba yangu, mchana wa Ijumaa yule wakala aliyenipeleka Doha akapiga: kuna nafasi, pasipoti yako iko hai? Nikasema nitamjibu. Nikatoka, nikatembea mpaka stendi, nikarudi, nikatembea tena. Miguu ilikuwa inaniwasha. Niliporudi mara ya pili, Ogola ametoka dukani mikono mitupu. Koti lilikuwa juu ya kaunta, limekunjwa vizuri, vifungo vyote vimefungwa. Ni vile vifungo, dada. Mtu anafukuzwa kama mwizi na bado anakifunga kila kifungo.

Nikapanda paa, nikateremka na neti moja begani, nzito kama mtoto, nikaiweka juu ya kaunta kando ya koti. Wateja wakaziba pua.

"Hii ni takataka gani?" akauliza Mama Atieno.

"Ni bili yako, mama."

Nikamwambia yote. Hata ya Doha nikaisema, ya kuosha vichujio. Aliipekua ile neti kwa ncha ya kalamu mpaka nikatamani anitukane.

"Kwa hivyo mwizi ni wadudu."

"Mwizi ni mimi, mama. Wadudu wamekuja kwao."

"Beba hiyo koti. Kesho unaenda Kisian, unaongea mbele ya bibi yake, vile mimi niliongea mbele ya watu. Na bili ikikuja tena hivi, wewe na rimoti yako mtafute jengo."

Nilikwenda. Nilimkuta Ogola na mkewe, Mama Akoth, wanaanika omena kwenye gunia kuukuu. Nilieleza nimesimama. Mzee akanisikiliza, kisha akauliza, "Tangu siku ya hiyo neti mpaka bili ikuje, ulipanda juu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ile ya kufunga?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka mkewe akampiga mgongo. Halafu akaacha ghafla. "Omera, mimi nitarudi. Lakini Mama aniite hapo hapo, na sauti ile ile. Sitaki ya kuniita kwa simu." Nilipeleka ujumbe, na Jumatatu Mama Atieno alisimama pale pale nje akasema, "Ogola hakuiba! Mnasikia?" kwa sauti iliyofika ghorofa ya nne. Mzee akavaa koti taratibu, kifungo kimoja kimoja, watu wote wakingoja.

Sasa kila asubuhi tunapanda pamoja, yeye akitoka zamu, mimi na brashi. Taa ya paa tumeing'oa. Bili mpya inatoka wiki hii, ndiyo maana sikai. Mashine zinapumua, nazisikia hata nikiwa Kondele, kwa mawazo. Lakini ile karatasi ndiyo itasema kama ninabaki. Wakala naye amepiga mara mbili. Sijampokea, sijamkataa.

Neti zako nilitaka kuzichoma kwa aibu. Mama Akoth aliposikia akanipokonya. Amezifua kwa sabuni mara tatu, akazitandaza kule Kisian juu ya vijiti, na omena sasa inakauka hewani bila mchanga hata punje. Amepapasa lile pindo akauliza fundi ni nani. Anaomba mbili zaidi, pana kuliko hizi. Vipimo nimevifunga humu kwa uzi: uzi mmoja ni urefu, ule uliopigwa fundo ni upana.

Msalimie Mama, mwambie goti alikande. Msalimie shemeji, fundi baiskeli asiyemaliza baiskeli, na yule binti yako anayenidai picha ya ziwa. Shangazi anayeuza ndizi usimsomee hii barua.

Na wale wa sokoni wakikuuliza, waambie neti zako Kisumu ziko kazini. Usiseme kazi gani.

Mdogo wako,
Mwadime
Injinia, mpaka bili ifike