Viwavi wa Mlimau Wetu wa Kanja

Mpendwa mama Wawira,

Nakuita mama kwa sababu ulipozaliwa, binti yangu wa kwanza, nilikupa jina la mama yangu kama tufanyavyo sisi Waembu. Tangu ukiwa mchanga sikukuita vingine, mpaka siku ile niliyokufukuza.

Leo asubuhi nilikuwa natoka kwenye kahawa na pampu ya dawa mgongoni, nikaona mlimau wa nyuma ya jikoni umeliwa. Nikafunua majani. Viwavi sita, wanono, kijani kama majani yenyewe. Nilipomgusa mmoja akanitolea vile vipembe vyekundu vyenye harufu. Nikakukumbuka uko darasa la tano, umepiga magoti palepale na sare ya shule, unanizuia kwa mikono miwili.

"Baba, usinyunyize! Hawa ni watoto wa kipepeo."

"Watoto gani? Hawa ni wadudu, watamaliza limau."

"Si ungoje tu wiki mbili, utaona!"

Sikungoja. Nilinyunyiza ukiangalia, na nikacheka. Jioni uliwaokota mmoja mmoja ukawazika kando ya migomba, ukakataa kula githeri. Nyanya yako, aliyekuwa hai bado, aliniambia ni yeye nimemliza, kwa kuwa mna jina moja. Nikadhani ananitania.

Miaka kumi baadaye ulisimama mlangoni na tumbo lako, ukasema, "Baba, ngoja nikueleze." Mara ya pili sikungoja. Nilikuita neno ambalo mimi, mzee wa kanisa, siwezi kuliandika hapa, nikarusha begi lako nje. Mama yako alilia hadi sauti ikamkauka. Tangu hapo tunakula kimya.

Sina raha, mama. Nasikia uko Ishiara, unauza ndengu sokoni. Si mbali, ni kuteremka tu. Nimefika steji ya matatu mara mbili nikarudi nyumbani nikisingizia mvua. Aliyekuona alisema ulijifungua mvulana. Sikuthubutu kumuuliza anaitwaje. Unajua kwetu msichana akizaa nyumbani kabla ya kuolewa, mvulana wake wa kwanza huchukua jina la baba ya huyo msichana. Kama ulimpa jina langu baada ya yale niliyokutendea, nitakuangaliaje usoni? Na kama hukumpa, nitamlalamikia nani?

Pampu niliitua chini. Jirani alipita akaniuliza kama siku hizi nafuga wadudu. Nikamwambia nangoja. Sijui kama watafika kuwa vipepeo, maana mchana ndege amekula mmoja nikitazama, na imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi nitashuka Ishiara, mvua inyeshe isinyeshe. Ukiniona mbele ya magunia yako, si lazima uniamkue. Maliza kwanza kuhudumia wateja. Hata mpaka soko lifungwe, ukitaka. Safari hii nitangoja.

Mwanao aliyekukosea,
Baba yako